Kushika Moja

Kazi yangu ni kushika mwanzo. Watu wakiniuliza nafanya nini kwa wapima ardhi nawajibu hivyo hivyo, nao hucheka wakidhani nawatania. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Mpimaji anaondoka na gurudumu la utepe huku akiufungua, mimi nabaki nimechuchumaa kwenye jiwe la mpaka, nimebana mwanzo wa utepe kwa vidole viwili, sitikisiki mpaka aseme basi. Ukipita njiani ukaniona utafikiri nimepewa adhabu.

Utepe wetu una kasoro yake. Pete ya chuma iliyoko nchani, ambapo ndipo penye sifuri, imepinda na kulegea. Bosi amesema atanunua mwingine tangu sijui lini, na mimi nimechoka kumkumbusha. Kwa vitu vidogo, kama upana wa njia au mlango, nashika pete hiyo hiyo na hakuna atakayekufa. Lakini kwenye mawe ya mpaka pete haiaminiki, kwa hiyo nashika kwenye namba moja, ile nyekundu, na mita hiyo moja inatolewa mwishoni. Nikiwa nimeshika moja ni lazima nipaze sauti: "Moja!" Bosi kule mbele anajibu: "Nimesikia." Anasoma, anatoa moja, ndipo anaandika. Nisipotamka, hatoi kitu. Hiyo ndiyo sheria yetu, na hilo ndilo neno pekee ninalolipwa kulisema. Mengine yote nayasema bure, na bosi anadai nayasema mno.

Kazini wananiita Kwanini. Jina hilo nilipewa na Panga, mwenzetu wa kufyeka na kuchimba, naye jina lake ni mimi niliyempa, kwa hiyo tumelipana. Sikatai kwamba nina udaku. Nikiona ukuta umepinda sipati usingizi mpaka nijue nani aliujenga na alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Mama mkwe wangu husema nikienda msibani nitataka marehemu mwenyewe anieleze. Basi na iwe hivyo. Kazi ya kuchuchumaa kutwa nzima bila kuuliza kitu ingeniua mapema.

Siku ninayoieleza tuliitwa na mshonaji mmoja, mama mtu mzima, nyumba yake ikitazama barabara. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda chake: cherehani chini ya dirisha, magauni yamening'inia ukutani yakisubiri wenyewe, vumbi la chaki ya bluu hadi kwenye kitasa cha mlango. Shingoni alikuwa amejitundika futi yake ya kushonea, na wakati wote akiongea aliishika kwa ncha zote mbili. Hakutukaribisha kukaa. Alitaka tusikilize tukiwa tumesimama, maana jambo lenyewe, alisema, si la kukalia.

Jambo lilikuwa hili. Baba yao aliacha kiwanja kimoja, na kabla hajafa alimwita mpimaji akakigawa katikati kwa watoto wake wawili, nusu ya kushoto kwake yeye, nusu ya kulia kwa mdogo wake wa kiume, ambaye ni seremala. Upande wa barabara, karatasi ya kila mmoja inasema mita thelathini. Miaka ikapita, kila mtu akajenga. Halafu mwaka mmoja mama huyu akataka kuweka ua, akatoka na futi yake ya kushonea akapima mwenyewe, akitambaa kwa magoti barabarani watu wanamwangalia. Akapata ishirini na tisa. Akarudia, ishirini na tisa. Mita moja haipo, na jiwe la katikati liko ubavuni kabisa mwa karakana ya mdogo wake.

Alikwenda kumuuliza. Mdogo mtu akacheka, akidhani dada yake anamtania. Ni kicheko hicho, nadhani, kilichomaliza mambo, kuliko hata hiyo mita. Tangu hapo hawajaambiana hata habari za asubuhi. Bomba la maji ni moja, liko mbele ya viwanja vyote viwili, na mmoja akimkuta mwenzake pale anageuza na ndoo yake tupu anarudi ndani. Mama mzima na baba mzima, jamani.

Sasa alikuwa amefikia mwisho. Alitaka tuthibitishe kwa vifaa vyetu kwamba jiwe limesogezwa, apate maandishi, ukuta wa karakana uvunjwe na mdogo wake apelekwe mbele ya sheria. Bosi, ambaye ni kijana msomi na mpole, alimwambia sisi tunapima, hatushtaki mtu. Mama akamkata jicho.

"Msije mkaniambia labda jiwe liliwekwa hapo hapo tangu mwanzo," alisema. "Siku ile nilikuwepo. Msaidizi wa yule mpimaji hakuja, na aliyeshika utepe ni mimi. Nilishika mpaka vidole vikaingia ganzi. Baba mwenyewe alinisifu."

Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nikamwambia basi sisi ni watu wa kazi moja, lakini hakucheka. Nikaona niende upande wa pili nikasikie na huko.

Seremala alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, penseli sikioni, mikono ameikunja, anatuangalia kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nyuma yake kulikuwa na mlango mpya umelazwa mezani, nusu umepigwa randa. Nilimsalimia, nikajifanya nimekuja kutafuta kivuli, kisha nikamchokonoa kidogo. Alisema dada yake ndiye aliyemuuguza mama yao alipokuwa mgonjwa, ndiye aliyemshonea yeye sare za shule, na kwamba alishamjibu mwaka ule wa kwanza na hana jibu jingine. Akaniuliza kama tukikuta jiwe limesogezwa itakuwaje. Nikamwambia ukweli, kwamba ukuta ule hautabaki.

"Ukuta nitajenga mwingine," alisema. "Lakini dada yangu akishapewa karatasi inayosema mimi ni mwizi, nitaongea naye vipi tena?"

Kumbe bado alikuwa na hesabu ya kuja kuongea naye. Hilo lilinigusa, na nikajikuta nimeshaegemea upande wake, jambo ambalo bosi ametukataza. Nilikwenda kwenye jiwe la kona ya kushoto nikimwombea mtu nisiyemjua.

Tukapima. Nilibana namba moja juu ya jiwe la kona, nikapaza sauti, bosi akajibu amesikia, akavuta utepe hadi jiwe la katikati, akasoma, akatoa moja. Ishirini na tisa. Mama akapiga kofi moja la mkono, taratibu, bila furaha yoyote usoni. Tukaenda nyuma ya nyumba, huko kwenye jiwe jingine la katikati, tukapata thelathini kamili, vilevile kama karatasi inavyosema. Kwa hiyo mstari ulikuwa umekaa mshazari: nyuma uko sawa, mbele umemwingilia mama kwa mita nzima, na mbele ndipo ilipo karakana. Panga akaninong'oneza kwamba seremala ameumia. Nilimwambia anyamaze, kwa hasira ambayo hakustahili, maana na mimi nilikuwa nimefikiri hivyo hivyo. Kama ningekuwa mwizi wa mita moja, ningeiba pale pale.

Bosi akasema tuchimbe.

Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii kuliko kazi nyingine zote. Wapimaji wa zamani walikuwa na ujanja wao. Kabla ya kuweka jiwe, walizika chini yake kitu kisichooza, makaa au chupa, wakafukia, ndipo wakaweka jiwe juu. Mtu akija na tamaa zake atasogeza jiwe, lakini cha chini hakijui. Kwa hiyo ukitaka kujua kama jiwe limehama, unauliza cha chini. Mara zote Panga anapochimba roho inanidunda kama ya mtoto anayefunguliwa zawadi, na bosi inabidi anivute nyuma nisimzibie mwanga.

Tulisimika miti mitatu juu ya jiwe, bosi akaning'iniza timazi, kile kipande cha shaba chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, mpaka ncha yake ikagusa alama ya katikati ya jiwe. Uzi ukafungwa hapo usiguswe. Ndipo Panga akaling'oa jiwe na kuanza kuchimba polepole, mwisho kwa mikono. Udongo ulikuwa mgumu, umeshikana, haujawahi kusumbuliwa na jembe la mtu yeyote. Seremala alisogea hatua chache kutoka mlangoni kwake. Mama alisogea kutoka upande wake. Shimo lilikuwa kati yao na kila mmoja alikuwa akitazama shimo tu.

Ikatokea chupa. Ya kijani, imezikwa kichwa chini, kitako juu. Bosi akalegeza uzi, timazi ikashuka ndani ya shimo bila kuyumba, ikatua katikati ya kitako cha chupa.

Jiwe halikuwa limesogezwa. Lilikuwa pale pale lilipowekwa na yule mpimaji, baba yao akiwepo.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, watu wakakumbatiana, lakini mama alilitazama lile shimo kisha akasema labda na chupa ilihamishwa, maana seremala ni mtu wa subira na anajua kufanya kazi safi. Bosi akamwonyesha udongo, akamweleza kwa upole kwamba ardhi ikishachimbwa inaonekana. Alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo, nasema kweli, lilikuwa swali zuri.

"Kama jiwe halijahama, na karatasi haidanganyi, mita yangu imekwenda wapi?"

Bosi alitazama karatasi, akaigeuza kana kwamba jibu limeandikwa nyuma. Seremala alitikisa kichwa akarudi mlangoni kwake, na nikaona mabega yake yameshuka. Chupa ilikuwa imemtoa kwenye wizi, lakini dada yake alikuwa bado hajamtoa.

Panga akarudisha udongo na jiwe, bosi akalilinganisha tena na timazi, na mambo yalipokaa sawa akasema tupime mbele mara nyingine, kwa kuwa hakuwa na wazo jingine. Nikarudi kwenye kona yangu, nikachuchumaa, nikashika. Mama alinifuata akasimama karibu yangu, na mimi kichwa changu chote kilikuwa kwenye ile chupa. Nilimuuliza kama anakumbuka ilikuwa ya nani, kama ni baba yake aliyeinywa au yule mpimaji. Alisema baba yake hakuwa mnywaji. Nikamuuliza basi mpimaji je, alikuwa mtu wa namna gani. Hapo utepe ukavutwa, bosi akasoma, na sauti yake ikatufikia kutoka mbali, ina mshangao.

"Thelathini kamili."

Mama akageuka akanitazama. Aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, sisi ni wapimaji wa aina gani ambao asubuhi tunapata ishirini na tisa na sasa thelathini. Nikainamisha macho. Vidole vyangu vilikuwa vimebana namba moja, ile nyekundu, barabara kabisa. Ila sikuwa nimesema. Kwa kiherehere changu cha chupa sikuwa nimelisema lile neno moja ninalolipwa kulisema, na bosi kwa kuwa hakusikia kitu hakutoa kitu.

Alikuja kwa hatua ndefu, na nilijua kinachokuja. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto.

"Umeshika wapi?" aliniuliza.

"Moja."

"Hukusema."

"Sikusema, bosi. Nisamehe."

Nilisubiri anichambue mbele ya mteja, na ningestahili. Lakini hakuendelea. Alisimama, mdomo umebaki wazi kidogo, akaitazama karatasi ya zamani, akavitazama vidole vyangu, akarudi kwenye karatasi. "Thelathini," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. Na mimi nikiwa pale chini nikaelewa wakati huo huo. Mtu akishika moja asiseme, palipo na ishirini na tisa panasomeka thelathini. Mimi nilikuwa nimelifanya kosa hilo dakika hiyo. Nani alilifanya kabla yangu?

Tulijua sote wawili. Alikuwa amesimama hapo hapo na futi yake shingoni.

Bosi alinifanyia ishara ninyamaze. Siku nyingine ningenyamaza, lakini mama huyu alikuwa amebeba swali lake miaka yote hiyo, na mimi najua swali lisilojibiwa linavyomla mtu. Nilimpa mwanzo wa utepe.

"Mama, nionyeshe siku ile ulishika wapi."

Hakuona ubaya. Alichuchumaa kando yangu, akaupokea utepe kwa vidole vya mtu aliyeshika futi maisha yake yote. Hakuitazama hata ile pete. Kidole gumba kikateleza juu ya utepe, kikapita, kikatua moja kwa moja kwenye namba nyekundu, kikabana.

"Hapa," alisema. "Pete yao ilikuwa mbovu pia. Yule mpimaji akaniambia nishike kwenye nyekundu."

"Ukasema nini?"

"Niseme nini? Baba aliniambia nishike tu nisiongee, niache watu wafanye kazi."

Bosi alichuchumaa naye, tukawa watatu tumezunguka jiwe moja, na akaanza kumweleza taratibu. Hakufika mbali. Mshonaji hahitaji kuambiwa mara mbili kinachotokea kitambaa kikipimwa kuanzia moja kana kwamba ni sifuri. Niliona anavyoelewa. Macho yake yalishuka kwenye kidole gumba chake, kilichokuwa bado kimebana, na hakukiondoa.

"Kwa hiyo ilikuwa mkononi mwangu," alisema.

Bosi alimwambia kosa lilikuwa la mpimaji, ambaye alimwambia pa kushika kisha kwa upande wa mbele akasahau kutoa moja, ingawa nyuma alikumbuka, na kwamba yeye hakuwa na namna ya kujua. Ni kweli, na mimi nilirudia, nikaongeza na yangu kwamba mimi ninayejua nimekosea vilevile leo. Bosi akaendelea kwamba jiwe lililowekwa na ambalo halikuhama ndilo mpaka, labda wao wawili wakubaliane vingine, na hilo linaweza kuandikwa. Mama hakuwa anasikia. Alikuwa anautazama utepe, ambao bado ulikuwa umelala ardhini kando ya barabara kutoka kwenye kidole chake hadi jiwe la katikati, ambako bosi alikuwa ameliacha gurudumu kwenye majani. Na hatua chache kutoka kwenye gurudumu, kwenye mlango wa karakana, alikuwepo mdogo wake, asiyejua lolote kati ya haya.

Panga, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yetu, akataka kukimbia kumpasha habari. Nilimkamata shati.

Mama alikohoa. Akafungua mdomo, sauti ikatoka kidogo mno, hata mimi niliyekuwa kando yake nilisikia kwa shida. Akajaribu tena.

"Moja!"

Seremala aliinua kichwa. Akatazama nyuma yake kuona anayeitwa ni nani, na hapakuwa na mtu ila ule mlango uliolazwa mezani. Mimi nilikuwa namwonyesha gurudumu kwa mikono yote miwili kama mwendawazimu. Alitoka, akaja hadi kwenye jiwe, akainama akaliokota, akauvuta utepe ukanyooka. Asubuhi yote alikuwa ametusikia tukiitana, kwa hiyo jibu alilijua.

"Nimesikia," alisema. Kisha akasema tena, "Nimesikia, dada."

Mama aliuma mdomo wa chini. Nilidhani hataweza kuendelea.

"Ngapi?" aliuliza.

"Thelathini."

"Toa moja, mdogo wangu," alisema, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Toa moja. Iko huku kwangu. Ilikuwa kwangu tangu siku ile."

Hakuelewa, maskini, angeelewaje. Lakini aliona dada yake analia, akaanza kuja huku akizungusha gurudumu, utepe ukiingia ndani kadiri alivyokaribia, na mama hakuachia mwanzo. Bosi akanigusa bega akaninong'oneza twende tukakusanye vifaa, tuwaache watu na mambo yao. Nilimwambia atangulie. Mimi nilibaki pale pale nimechuchumaa, nikitaka kusikia ataanza kumweleza vipi.